Muulize Mama Fundi: Milango inayogoma kufunga

Barua za milango ya magari zimejaa mezani tangu mvua zianze, nikaona nizijibu pamoja badala ya kuzichanganya na za chaji na taa. Wengi wenu mnaandika mkiwa mmeshanunua kitu: kitasa, rimoti, hata kompyuta nzima. Halafu ndipo mnauliza. Nawaomba mgeuze mpangilio huo. Sentroloki, yaani mfumo unaofunga na kufungua milango yote kwa pamoja, ikiumwa husema inaumwa wapi, na husema kwa namna inavyogoma: mlango mmoja au yote, asubuhi au mchana, mlango ukiwa wazi au umefungwa, kuna mlio au kimya. Walioniandikia hayo nimeweza kuwajibu. Yule aliyeandika mstari mmoja tu, "loki zimekufa nifanyeje", barua yake nimeiweka pembeni. Aandike tena.

Asubuhi mzima, mchana mgonjwa

"Shikamoo mama fundi. Nina Toyota IST ya 2004. Mlango wa nyuma kushoto asubuhi unafunga na kufungua vizuri kwa rimoti. Nikishazunguka mjini, ikifika saa nane mchana nabonyeza unatoa mlio dhaifu na kipini cha loki hakisogei. Milango mingine haina shida. Fundi wa mtaani kwetu amesema kompyuta ya milango imekufa, nitafute nyingine. Nitafute?" (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usitafute. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo, milango ya abiria hupata umeme wa loki kupitia njia moja. Njia hiyo ikifa, milango yote mitatu inanyamaza kwa pamoja. Wako unagoma mmoja, tena kwa saa maalumu, kwa hiyo shida iko ndani ya mlango huohuo. Kwa maelezo yako mimi naishuku mota ya loki kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani ya kitasa, kwenye kasha la plastiki, kuna mota ndogo unayoweza kuificha kiganjani. Inazungusha gia, gia inasukuma mkono wa kitasa. Nyaya zake ni mbili. Umeme ukipita upande huu inafunga, chanya na hasi zikibadilishana inafungua, na kazi yote inakwisha kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mota hiyo ina kaboni mbili zinazosugua shaba inayozunguka. Gari la 2004 limeshafungwa na kufunguliwa mara nyingi mno: kaboni zimelika, unga wake umejaa kwenye mianya ya shaba, na umeme unavujia humo badala ya kuizungusha mota.

Mchana unaingiaje hapa? Ndani ya kasha lilelile kuna kipande kidogo chenye umbo la sarafu ambacho kazi yake ni kuubana umeme kikipata moto, ili mtoto akichezea swichi mota isiungue. Mota iliyochoka inavuta umeme mwingi, kipande kinapata moto, kinabana. Sasa mlango ulioegeshwa juani Kariakoo tangu saa nne ni wa moto tayari kabla hujagusa rimoti. Usiku unapoa, na asubuhi unakudanganya kwamba umepona.

Usiniamini kwa barua, pima. Pandisha kioo kwanza, kisha toa bodi la ndani la mlango. Skrubu moja hujificha nyuma ya hendo ya ndani chini ya kifuniko kidogo, nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia mlango. Zilizobaki ni klipu za pembeni, unazitoa kwa kifaa cha plastiki, maana bisibisi bapa huacha makovu ambayo mwenye gari huyaona kila siku. Chukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, iunge nyaya mbili, uzigusishe kwenye zile nyaya mbili za mota pale soketi ya kitasa inapochomekwa. Mtu abonyeze kufunga: balbu iwake kwa nguvu mara moja na kuzima. Abonyeze kufungua: vivyo hivyo. Balbu ikiwaka vizuri na mota haisogei, mgonjwa ni mota. Balbu isipowaka, achana na mota, zifuate nyaya kurudi nyuma. Na kipimo hiki ukifanye saa nane, wakati imegoma. Ukipima asubuhi utapima gari lisiloumwa.

Vijana wangu wa karakana huniuliza kwa nini balbu wakati mita ipo. Umeme wa loki ni wa mara moja, haufiki hata sekunde. Namba za mita ya dijitali zinakimbia kabla hazijatulia. Kibaya zaidi, waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaionyesha mita volti 12 safi kabisa, lakini ukiupa mzigo unalala. Balbu ni mzigo. Ila balbu hiyo isikaribie soketi ya rangi ya njano, popote utakapoiona. Njano ni ya mifuko ya hewa, na haichezewi na balbu.

Ukishathibitisha mota, una njia mbili. Ya kwanza ni kitasa cha mtumba, Gerezani au Ilala. Sema "nyuma kushoto", na kushoto ni kwa aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Hesabu pini za soketi zilingane na zako, na ukijaribishe kwenye betri palepale dukani kabla hujalipa: unagusa na kuachia, hushikilii. Kitasa chenyewe kimeshikwa na skrubu tatu za nyota kwenye ukingo wa mlango, mara nyingi namba T30, na hazipendi bisibisi ya kubahatisha; kichwa kikishaharibika utaita wa kuchomelea. Ubaya wa mtumba ni kwamba nao umetoka kwenye gari la umri uleule. Njia ya pili ni kufungua kasha na kubadilisha mota peke yake. Vitasa vingi vya Kijapani hutumia mota ya ukubwa unaoitwa FC-280. Linganisha urefu wa mhimili, na kama ni wa duara kamili au umechongwa upande mmoja, kwa sababu gia ndogo ya mota ya zamani lazima ihamie kwenye mpya. Mwenye gari anayekusudia kukaa nalo namshauri hii ya pili. Anayeliuza mwezi ujao namwekea mtumba, siulizi maswali.

Na ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango irudishwe kama ilivyokuwa. Mafundi wengi huichana na kuitupa kwa kuona ni uchafu wa kiwandani. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia ukingo wa kioo siku zote, ndivyo mlango ulivyotengenezwa, na hutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasifike kwenye zulia. Magari mengi yanayonuka ukungu wakati wa masika yalishapita kwa fundi wa loki.

Mlango ukiwa nusu wazi, kila kitu chafanya kazi

"Salaam aleikum mama fundi. Mimi niko Likoni, Mombasa, na gari langu ni Toyota Fielder. Swichi ya mlango wa dereva haifungi milango mingine, na vioo pia siku nyingine havishuki. Fyuzi ni nzima, nimeibadilisha kwa hakika. Jambo la ajabu: nikiufungua mlango wa dereva nusu, kila kitu chafanya kazi. Nikiufunga, kimya."

Wa aleikum salaam. Barua yako ni tamu kwa fundi, umeshafanya nusu ya kazi. Kinachofanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kugoma ukifungwa ni waya unaokunjwa na kukunjuliwa.

Fungua mlango wa dereva mpaka mwisho uchungulie kati ya bawaba. Kuna bomba la mpira mweusi wenye mikunjo linalotoka kwenye nguzo na kuingia mlangoni. Humo ndimo zinamopita nyaya zote za mlango: za vioo, loki, kioo cha pembeni, spika. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko mingine yote, kwa hiyo ndio hukata kwanza. Na kwa kuwa swichi kuu iko huko, waya wake mmoja tu wa hasi ukikatika, milango mingine mizima kabisa inakosa wa kuiamrisha.

Toa waya wa betri, chomoa mpira upande wa nguzo, usogeze nyaya zionekane. Macho peke yake hayatoshi: shaba hukatikia ndani huku ganda limebaki zima, na kuna mafundi wameapa hakuna kilichokatika kwa sababu ya ganda hilo. Uvute kila waya taratibu. Uliokatika utarefuka mkononi. Kwenu pwani tazama na rangi ya shaba yenyewe. Ikiwa ya kijani au nyeusi, chumvi imeshatembea chini ya ganda, kata urudi nyuma mpaka ufike shaba inayong'aa, hata kama ni kipande kirefu.

Kuunga ndiko kunakotenganisha mafundi. Kusokota waya na kuzungushia tepu pale pale kwenye mkunjo ni kujipa ahadi ya kurudi. Lehemu pale kwenye mkunjo nayo haifai, kwa sababu inaufanya waya kuwa mgumu na utakatika pembeni mwa lehemu. Tia kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, unene uleule, kirefu cha kutosha kuupita mpira wote, ili ungio moja likae ndani ya mlango na jingine ndani ya nguzo, mahali pasipokunjwa. Maungio ya nyaya tofauti yasikae mstari mmoja, na kila moja livishwe mpira wa kunywea kwa joto. Fundi akikwambia amemaliza kwa robo saa, mwombe akuonyeshe.

Mlango wa nyuma wa Fielder unaopanda juu una mpira kama huo kule kwenye paa. Taa ya namba au loki ya nyuma ikianza kusinzia, unajua pa kuanzia.

Kwa ndani haufunguki

"Tangu nilipopeleka gari kuoshwa, mlango wa nyuma kulia haufunguki kwa ndani. Kwa nje unafunguka. Nimeambiwa kitasa kimekufa." (Morogoro)

Fungua kwa nje, tazama ukingo wa mlango karibu na kitasa. Kuna kidude kidogo, mara nyingi kina picha ya mtoto. Kisogeze upande wa pili. Ni kufuli la watoto, aliyekuwa anafuta alilisukuma na kitambaa. Hela ya kitasa baki nayo.

Mtoto na ufunguo vimefungiwa ndani

"Mama fundi, mtoto wa dada yangu wa miaka miwili alijifungia ndani ya gari akiwa na ufunguo mkononi, hapa Moshi, juani. Tulihangaika na waya wa kutundikia nguo, watu wakazidi kujaa, kila mtu na lake. Kwa bahati alibonyeza mwenyewe mlango ukafunguka. Je, kuna njia ya kuzifungua loki kutoka nje bila kuharibu gari?"

Zipo, na sitaziandika gazetini. Lakini kwa mtoto aliye juani jibu langu si la ufundi wa loki. Kama ufunguo wa akiba uko hapo hapo nyumbani, kimbia ukaulete. Kama uko mbali, vunja kioo. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa dakika chache tu, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Waya wa nguo kwenye magari ya sasa ni wa kukupotezea muda.

Kioo kiwe cha pembeni na kile kilicho mbali zaidi na mtoto. Usianze na cha mbele: kina utando wa plastiki katikati, kitapasuka na kubaki mahali pake. Cha pembeni kwenye magari mengi husambaratika vipande vidogo vidogo. Kipige kwenye kona ya chini kwa kitu kigumu chenye ncha, mkono ukiwa umeviringishiwa nguo, uso umegeuka. Katikati ya kioo huwa panabonyea na kurudisha, watu hupiga hapo wakachoka.

Moja la ufundi niliongeze, kwa sababu linawafungia watu wengi funguo ndani. Magari mengi yakifunguliwa kwa rimoti na mlango wowote usifunguliwe, hujifunga tena yenyewe baada ya nusu dakika, mengine dakika moja. Hayajaharibika, yamefundishwa hivyo. Ukishabonyeza kufungua ukaweka ufunguo kwenye kiti kupitia dirishani ukaenda kusalimia jirani, unajua kitakachokukuta.

Loki zinapiga ngoma

"Noah yangu, Dodoma. Nikifunga kwa rimoti, loki zinafunga zinafungua zinafunga zinafungua, zikishaamua zinanyamaza. Kwenye barabara mbovu zinajifungua zenyewe. Gari lina alamu iliyofungwa hapa nchini."

Kitasa cha mlango wa dereva kina mota na kina pia swichi ndogo ya kuiambia kompyuta: sasa nimefungwa, sasa nimefunguliwa. Swichi hiyo ikichakaa, au fimbo inayounganisha kipini na kitasa ikiwa imepinda au kukauka, kitasa hufika nusu ya safari na kurudi. Akili ya gari inapokea habari kwamba dereva amefungua, inafungua yote. Alamu inaona milango imefunguka, inafunga. Hapo ndipo ngoma inapoanzia.

Jaribu hivi: chomoa soketi ya kitasa cha mlango wa dereva peke yake, kisha bonyeza rimoti. Milango mingine ikitulia, tatizo liko kwenye kitasa hicho. Kabla ya kukibadilisha kisafishe. Vumbi la Dodoma likichanganyika na grisi ya zamani linaganda. Puliza dawa ya kuyeyushia uchafu, sogeza kitasa kwa bisibisi mara kadhaa, futa, kisha paka grisi nyeupe au dawa ya silikoni. Oili ya injini usitie, inakusanya vumbi jipya na baada ya miezi michache unarudi hapo hapo. Mafuta membamba ya kopo yanasafisha vizuri lakini hayakai, yafuatishe na grisi.

Ngoma ikiendelea hata baada ya kuchomoa, nenda kwenye alamu. Naomba fundi wako afungue chini ya dashibodi atazame nyaya za alamu zimeungwaje na za gari. Nimeona nyingi zilizosokotwa na kufungwa tepu iliyoyeyuka, na waya wa hasi umefungwa kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Hasi iendayo kwenye rangi si hasi, hasa barabara ikiwa mbovu. Kwangua mpaka chuma kionekane, kaza.

Rimoti kutoka Dubai

"Habari mama. Niko Nairobi na Vitz ya 2008 iliyotoka Japani. Rimoti ilipotea, ndugu yangu akaniletea nyingine kutoka Dubai, ya Toyota, sura ileile. Taa yake ndogo inawaka, lakini mtaalamu wa funguo amejaribu kuiingiza imekataa. Anasema gari ndilo bovu."

Habari njema. Gari halina neno. Rimoti za magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani husema kwa masafa ya redio ya megahezi 312 hadi 314 hivi. Za Ulaya na za Ghuba kwa kawaida ni 433. Sura inaweza kuwa moja, vitufe vilevile, nembo ileile, na gari lisisikie hata neno. Taa ndogo kuwaka inakwambia betri ipo tu. Geuza rimoti, fungua kasha, masafa mara nyingi yameandikwa kwenye bodi au kwenye karatasi ya nyuma. Tafuta ya Kijapani yenye namba ya modeli inayolingana na gari lako, hata ya mtumba.

Ukishaipata, Toyota nyingi za miaka ile zinaingizwa rimoti bila kompyuta, kwa kuchomeka na kuchomoa ufunguo na kufungua na kufunga mlango wa dereva kwa mpangilio na idadi maalumu ya aina hiyo ya gari. Ukipatia, gari lenyewe hufunga na kufungua milango kukujibu. Ukikosea hata hatua moja halisemi kitu, unaanza upya. Ufunguo wenye chipu ya kuwashia injini ni kazi nyingine na huyo mtaalamu wako atahitaji mashine.

Wengine walioniuliza kuhusu rimoti, kabla hamjanunua betri: ufunguo ukiwa kwenye swichi ya kuwashia, gari halimsikilizi mwenye rimoti. Mlango mmoja ukiwa haujafunga vizuri, au swichi ya mlangoni inadhani uko wazi, magari mengi yanakataa kufunga. Taa ya ndani ikibaki inawaka milango yote ikiwa imefungwa, anza hapo. Na betri ya rimoti iwe namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana unene, ukalazimisha, vibati vya kushikia vikapinda.

Mercedes inayopumua

"Mama fundi, nina Mercedes W124, Unguja, ya marehemu baba. Nikifunga mlango wa dereva, kitu kinaguruma nyuma kwa muda mrefu kisha kinakata, na milango ya nyuma haifungi. Kila fundi anatafuta mota ya loki mlangoni, haioni."

Hawataiona, haipo. Loki za gari lako hazisukumwi na mota milangoni, zinasukumwa na hewa. Chini ya kiti cha nyuma kuna pampu ya umeme, na kutoka hapo mirija myembamba ya plastiki inakwenda kila mlango, buti na kifuniko cha tenki. Pampu ikisukuma hewa loki zinakwenda upande mmoja, ikivuta zinakwenda upande wa pili. Kaka yake mkubwa, W123, hana hata pampu hiyo ya umeme: anatumia mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini na kuuhifadhi kwenye tangi dogo, ndiyo maana loki zake hufanya kazi hata injini ikiwa imezimwa, mpaka akiba iishe.

Mfumo ukiwa hauna tatizo, pampu haigurumi zaidi ya sekunde chache. Inayoguruma mpaka ikakata yenyewe inatafuta shinikizo haipati, kwa sababu hewa inatoka mahali. Mara nyingi ni utando wa mpira ndani ya kopo la loki la mlango mmoja umepasuka, au kiungio cha mpira kimekauka kwa umri. Usiendelee kufungafunga, utaiua pampu, na pampu ndiyo ghali. Toa kiti cha nyuma, tafuta mirija inapogawanyika, ziba njia moja moja kwa kizibo kidogo kisafi. Ukiziba ya mlango fulani na pampu ikakata haraka huku milango mingine ikifunga, umempata. Fungua mlango huo tu.

Gari hili linastahili subira. Mwenye mojawapo alikuja kwangu, akanipita, akamuuliza kijana wangu anayefagia fundi yuko wapi. Kijana akamwonyesha. Tulielewana baadaye, gari lake linafunga mpaka kifuniko cha tenki.

Pikapu isiyo na loki za umeme

"Nataka kuweka sentroloki kwenye pikapu yangu ya milango minne, Mbeya. Nimeona boksi zinauzwa zenye mota nne. Nyingine zina nyaya tano, nyingine mbili. Nimedhani zimechanganywa."

Hazijachanganywa. Yenye nyaya tano ni ya mlango wa dereva: mbili za mota, tatu za kutoa habari kwenye kisanduku cha kuongozea loki kwamba dereva amefunga au amefungua. Zenye mbili ni za kutii tu. Boksi nyingine huja na mota mbili zenye nyaya tano, ya pili iwekwe mlango wa abiria wa mbele.

Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na kisanduku hicho, na ukubwa wake ufuate uliotajwa kwenye karatasi ya boksi. Waya wa chanya upite kwenye mpira kila unapotoboa bati. Kazi yenyewe ngumu ni fimbo: mota ivute mstari ulionyooka na kipini cha loki, isivute kwa pembe, na kabla ya kukaza skrubu sukuma kwa mkono uone mota inafika mwisho wake pale pale kitasa kinapofika mwisho wake. Ikifika mapema haitafunga. Ikichelewa, itasukuma bati kila siku mpaka vishikio vya plastiki vivunjike. Funga mlango mmoja, jaribu, ndipo uende wa pili. Na kabla hujatoboa popote, shusha kioo chote, uone kinapopita.